Dawa ya magugu, saratani na mtu mwenye pampu mgongoni

Mvua za masika zinapokaribia, maduka ya pembejeo ya Tengeru hujaa watu tangu asubuhi. Mwezi Machi, nikiwa nasubiri zamu yangu ya kununua mbegu za mahindi katika duka mojawapo, kijana aliyetumwa na tajiri wake kufuata dawa ya magugu aliigeuzageuza chupa mkononi, kisha akamwuliza mwenye duka, “Mangi, hii si ndiyo wanayosema inaleta kansa?” Mwenye duka hakukasirika wala hakucheka. Alimwonyesha ule mstari wa rangi ulio chini ya lebo, akamwambia, “Hii ni ya bluu, mdogo wangu. Ingekuwa mbaya, ungeona nyekundu.” Kijana akaridhika, akalipa, akapanda bodaboda kuelekea Usa River.

Mwenye duka hakusema uongo. Alijibu tu swali ambalo hakuulizwa. Rangi ya kwenye lebo ya kiuatilifu inafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na msingi wa madaraja hayo ni kiasi cha sumu kinachotosha kuua nusu ya panya wa maabara wanapolishwa au kupakwa kwa mara moja. Nyekundu ni ya sumu zinazoua kwa kiasi kidogo mno, njano hufuata, kisha bluu, na mwisho kijani. Ugonjwa unaoweza kuchukua miaka kumi au ishirini kujitokeza hauwezi kuonekana katika jaribio linalokwisha ndani ya wiki mbili, kwa hiyo saratani haimo kabisa katika rangi ile. Na hata kwa sumu ya papo hapo rangi ina upungufu wake: parakwati, dawa nyingine ya magugu ambayo funda moja la dawa isiyochanganywa na maji linaweza kumwua mtu mzima, na ambayo mpaka leo haina dawa ya kuizimua mwilini, imo katika daraja la pili, yaani la njano.

Swali la kijana yule, basi, limebaki palepale. Linaulizwa na vibarua wa mashamba ya kahawa na maua ya Arumeru, na wanaoua magugu kwa pampu katika mpunga wa Mabogini kule chini ya Moshi, na mara nyingi wanajibiwa kwa mojawapo ya njia mbili: ama wanaambiwa dawa hizo ni saratani ndani ya chupa, ama wanaambiwa ni salama kuliko chumvi ya mezani. Majibu yote mawili yana taasisi kubwa za kuyaegemea, au angalau yanajidai kuwa nazo. Ili kuelewa kwa nini taasisi hizo zinaonekana kupingana, ni lazima kwanza tufungue fundo lililo katika lugha yetu wenyewe.

Hatari moja, maana mbili

Kiswahili cha kila siku kina neno “hatari” kwa mambo mawili ambayo wanasayansi huyatenganisha. La kwanza ni uwezo wa kitu kudhuru, ambao watu wa usalama kazini siku hizi wanauita kihatarishi. La pili ni uwezekano kwamba mtu fulani, katika mazingira fulani, atadhurika kweli. Chukua mamba wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mamba ni kihatarishi, na hakuna mjadala juu ya meno yake. Lakini mtu anayekula perege wa bwawa hilo katika soko la Moshi mjini hana uwezekano wowote wa kuumwa na mamba akiwa kwenye meza yake, ilhali mvuvi anayesimama majini hadi kiunoni kila alfajiri ana uwezekano ambao si wa kupuuzwa. Mamba ni yuleyule na samaki ni yuleyule. Kinachotofautiana ni mahali mtu aliposimama.

Mwezi Machi 2015, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani na wenye makao yake Lyon, Ufaransa, uliwakutanisha wataalamu 17 kutoka nchi 11 wakatoa uamuzi kwamba glaifoseti, kiambato kinachotumika zaidi duniani katika dawa za magugu, ambacho kwenye lebo huandikwa glyphosate, “huenda kinasababisha saratani kwa binadamu”. Waliiweka katika kundi 2A. Walisema ushahidi kutoka kwa binadamu ni finyu, na unaelekea zaidi kwenye limfoma isiyo ya Hodgkin, ambayo ni saratani ya chembechembe za kinga na tezi. Ushahidi kutoka kwa wanyama wa maabara unatosha. Na kuna ushahidi mzito kwamba glaifoseti inaweza kujeruhi vinasaba na kuzisumbua seli kwa njia zinazojulikana kuhusiana na saratani.

Kundi 2A linatisha kwa jina, kwa hiyo ni vizuri kujua jirani zake. Ndani ya kundi hilohilo imo nyama nyekundu, imo kazi ya zamu za usiku, na vimo vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65. Mtu anayekula nyama choma huku akiteremsha chai inayotoa moshi, kabla ya kuingia lindo la usiku, amekusanya vitu vitatu vya kundi la glaifoseti. Hiyo haina maana kwamba vyote vina ukali sawa. Ngazi za IARC zinapima uzito wa ushahidi kwamba kitu kina uwezo wa kusababisha saratani. Hazipimi kinasababisha saratani ngapi wala kwa kiasi gani cha kukutana nacho. IARC, kwa maneno mengine, ilikuwa inajibu swali la kama mamba ana meno.

Miezi minane baadaye, Novemba 2015, Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ikasema kwamba haielekei glaifoseti kuwa na uwezo wa kusababisha saratani. Hapa upinzani ulikuwa wa kweli, kwa sababu mamlaka hiyo nayo ilikuwa inazungumzia meno ya mamba. Tofauti ilitokana na mafaili. IARC husoma tafiti zilizochapishwa hadharani na kuangalia pia dawa kamili kama inavyouzwa dukani. Mamlaka za udhibiti husoma kwa wingi tafiti zinazofanywa na watengenezaji wenyewe kwa ajili ya usajili, na uzito wao mkubwa huwa juu ya kiambato chenyewe kikiwa peke yake. Kisha Mei 2016 jopo la pamoja la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na Shirika la Afya Duniani linaloshughulikia mabaki ya viuatilifu likasema kuwa haielekei glaifoseti kuleta saratani kwa binadamu kupitia chakula. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito wote, na ndiyo yanayodondoka njiani kila habari inaposafiri kutoka mdomo hadi mdomo. Jopo lile lilikuwa linamzungumzia mla samaki wa soko la Moshi. Mvuvi hakuwa katika swali lake.

Umoja wa Ulaya uliongeza kibali cha glaifoseti mwaka 2023 kwa miaka kumi, hadi Desemba 2033. Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani umeshikilia kuwa haielekei kusababisha saratani, ingawa mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ilibatilisha sehemu ya uamuzi wake wa mwaka 2020 iliyohusu afya ya binadamu, ikisema haikuungwa mkono na ushahidi wa kutosha. Na nyaraka zilizofunguliwa katika kesi za Marekani mwaka 2017 zilionyesha mkono wa wafanyakazi wa Monsanto, kampuni iliyoleta glaifoseti sokoni mwaka 1974, katika uandishi wa makala za kisayansi zilizotoka kwa majina ya watu wengine. Kwa maoni yangu nyaraka hizo hazithibitishi kwamba dawa inaleta saratani, lakini zinaeleza kwa nini watu wengi wenye akili timamu hawako tayari kuambiwa “tuamini” tena.

“Dawa ya magugu” si dawa moja

Kosa la pili katika mazungumzo yetu ni kuzungumza kana kwamba kila kinachoua majani ni kitu kilekile. Glaifoseti huzuia kimeng'enya ambacho mmea unakihitaji kutengeneza asidi-amino tatu. Binadamu hana njia hiyo mwilini, asidi hizo anazipata kwa kula, na ndiyo sababu sumu yake ya papo hapo ni ndogo. Parakwati huunguza tishu, na ikinywewa hujikusanya kwenye mapafu. Mashaka makubwa ya muda mrefu juu yake yanahusu ugonjwa wa Parkinson zaidi ya saratani, na Ulaya imeifungia tangu mwaka 2007. Dawa ya 2,4-D, ambayo huua majani mapana na kuuacha mpunga au mahindi, iliwekwa na IARC mwaka 2015 katika kundi 2B, ngazi moja chini ya glaifoseti.

Hiyo 2,4-D ina historia inayofaa kukumbukwa. Ndiyo iliyokuwa nusu ya mchanganyiko ambao jeshi la Marekani liliumwaga juu ya misitu ya Vietnam katika miaka ya 1960. Nusu ya pili ilikuwa 2,4,5-T, na ndani ya nusu hiyo, kama uchafu wa kiwandani ambao hakuna lebo iliyoutaja, mlikuwa na dayoksini, ambayo aina yake iliyo kali zaidi IARC iliiweka mwaka 1997 katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Kilichoogopwa baadaye hakikuwa jina lililoandikwa kwenye pipa. Katika dawa za leo pia kuna viambato visivyotajwa kwa herufi kubwa, hasa vile kama sabuni vinavyoifanya dawa ishike kwenye jani: aina moja ya sabuni hizo, iliyokuwa ikichanganywa na glaifoseti kwa miaka mingi, Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2016 kwa kuwa sumu yake ilizua mashaka kuliko ya glaifoseti yenyewe. Anayepiga dawa hagusi kiambato safi cha maabara. Anagusa kilichomo kwenye chupa.

Watu waliohesabiwa

Ushahidi kutoka kwa binadamu umekusanywa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuwachukua wagonjwa wa saratani na watu wazima wa afya, kisha kuwauliza wote walitumia dawa gani miaka iliyopita. Ni njia nafuu na ya haraka, lakini ina mtego. Mgonjwa amekaa kitandani akijiuliza usiku kucha kwa nini yeye. Atakumbuka kila pampu aliyoibeba. Mtu mzima wa afya ameshasahau. Hata kama dawa haina lolote, tofauti ya kumbukumbu peke yake inaweza kuifanya ionekane mkosaji. Njia ya pili ni kuwaandikisha watu kabla hawajaugua, kuandika wanachotumia, kisha kuwafuatilia kwa miaka mingi.

Mradi mkubwa wa njia hii ya pili ulianza mwaka 1993 katika majimbo ya Iowa na North Carolina nchini Marekani. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2018 yalihusu wapulizaji 54,251, na zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa wametumia glaifoseti. Watafiti hawakuona uhusiano kati ya glaifoseti na limfoma isiyo ya Hodgkin. Kwa waliotumia zaidi waliona dalili ya ongezeko la aina moja ya saratani ya damu, lakini idadi ilikuwa ndogo kiasi kwamba huenda ilitokea kwa sadfa tu. Mwaka 2019 watafiti wengine wakaunganisha mradi huo na tafiti nyingine tano, wakawatazama hasa wale waliokutana na dawa kwa wingi zaidi katika kila utafiti, wakapata ongezeko la asilimia 41 la limfoma hiyo.

Asilimia 41 ilipita kwenye simu za watu kama moto wa kiangazi, na wengi walielewa kwamba kati ya wapulizaji mia, 41 wataugua. Sivyo. Ni ongezeko juu ya kile ambacho kingekuwapo hata bila dawa. Nchini Marekani, takribani watu 20 katika kila 1,000 hupata limfoma isiyo ya Hodgkin katika maisha yao. Kama asilimia 41 ni kweli, na kama inawahusu waliozama kabisa katika kazi hiyo, 20 wanakuwa 28. Kwa mtu mmoja ni ongezeko dogo. Kwa hao wanane na familia zao si dogo hata kidogo. Na hesabu ya hapa kwetu haiwezi kunakiliwa kutoka Iowa, kwa sababu limfoma katika nchi yetu inasukumwa na mambo mengine mazito, likiwamo la virusi vya UKIMWI.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisizichukue namba za Iowa kama zilivyo, kwa upande wowote. Wale ni wapulizaji wenye leseni. Wengi wao hupulizia kwa trekta lenye bomba refu nyuma yake, katika shamba ambalo dereva hashuki kukanyaga majani mabichi ya sumu. Hata wasipodhurika, ushahidi wao haumsemei moja kwa moja mtu anayetembea kwa miguu katikati ya kile anachokipulizia.

Dozi inaingilia wapi

Nimewahi kukaa asubuhi nzima pembeni ya shamba moja kubwa chini ya barabara ya Moshi nikiwatazama wapulizaji wanne wakijaza pampu zao za lita 15. Aliyekuwa na uzoefu zaidi alipima dawa kwa kifuniko cha chupa, akaimimina, akaongeza maji kwa dumu lililokatwa, akakoroga kwa kijiti, kisha akajipangusa mkono kwenye suruali. Kiungio cha mpira wa pampu yake kilikuwa kinavuja. Alikuwa amekifunga kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, na ukanda huo ulikuwa umelowa. Kabla ya saa nne mgongo wa shati lake ulikuwa na doa lililoshuka hadi kwenye mkanda wa suruali. Nozeli ilipoziba, aliifungua, akaiweka mdomoni, akaipuliza. Mnyapara alimwona, akamwambia tu, “Fanya haraka, jua linapanda.”

Ukiitazama ile asubuhi kwa jicho la dozi, karibu kila kitu muhimu kilitokea nje ya unyunyiziaji wenyewe. Kama lebo inaelekeza mililita 150 kwa lita 15 za maji, dawa iliyo ndani ya chupa ina nguvu mara mia ya ile iliyo ndani ya pampu. Tone moja lililodondokea kidoleni wakati wa kupima ni sawa na matone mia ya mchanganyiko. Watu huhofia zaidi kuvuta hewa, ndiyo maana utaona barakoa ya kitambaa usoni na mikono mitupu, ilhali matone ya pampu ya mgongoni ni makubwa na mengi huanguka. Njia kuu ya kuingia mwilini kwa mpulizaji ni ngozi. Wala ngozi si moja. Majaribio ya zamani yaliyofanywa Marekani kwa sumu ya wadudu ya parathioni yalionyesha kwamba ngozi ya mkono ilipitisha chini ya asilimia 10 ya kilichopakwa, wakati ngozi ya korodani ilipitisha karibu chote. Glaifoseti hupenya kwa shida kuliko parathioni, na katika ngozi isiyo na majeraha kinachoingia kwa kawaida ni asilimia chache tu. Lakini doa lile linaloshuka kutoka kwenye pampu linakwenda hukohuko kwenye ngozi nyembamba, likakaa hapo saa sita, chini ya jasho, siku tano za wiki.

Mtu mmoja ambaye ulimwengu ulimsikia kwa sababu ya dawa hii alipata jambo linalofanana na hilo. Dewayne Johnson alikuwa mtunza viwanja vya shule huko Benicia, California. Alieleza mahakamani kwamba zaidi ya mara moja vifaa vilimharibikia akalowa dawa mwilini. Aliugua limfoma ya ngozi, na Agosti 2018 baraza la wazee wa mahakama liliamuru Monsanto imlipe dola milioni 289, kiasi ambacho kwenye rufaa kilishuka hadi takribani milioni 20. Bayer, iliyokuwa imeinunua Monsanto mwaka huohuo, ilitangaza mwaka 2020 mpango wa kulipa hadi dola bilioni 10.9 kumaliza maelfu ya kesi, bila kukiri kosa, na tangu hapo imeshinda baadhi ya kesi na kushindwa nyingine. Wengi huzitaja kesi hizi kama uthibitisho wa kisayansi. Mahakama haikuwa maabara: iliamua kama ilielekea zaidi kwamba dawa ilichangia ugonjwa wa mtu mmoja, na kama alionywa ipasavyo.

Kinachofanya kazi shambani ni cha kawaida mno kiasi kwamba huonekana hakifai kuandikwa. Glavu za plastiki au mpira wakati wa kupima na kukoroga, si za kitambaa wala ngozi, kwa maana hizo hunyonya dawa na kuishikilia mkononi kuliko kutovaa kitu. Suruali nje ya gambuti, ili matone yasiingie ndani ya kiatu. Pampu isiyovuja, hata kama ni kusimamisha kazi kusubiri kiungio. Kutembea upepo ukiwa nyuma au ubavuni, na kukata mistari ili usirudi kukanyaga ulipopulizia. Brashi ya zamani ya meno mfukoni kwa ajili ya nozeli. Maji na sabuni palepale shambani, kabla ya chakula na kabla ya kwenda haja ndogo. Ovaroli isiende nyumbani. Ikienda, anayeifua, ambaye kwa kawaida ni mke au binti, anapata sehemu ya dozi bila kupata sehemu ya mshahara.

Yaliyomo ndani ya pampu hiyohiyo

Glaifoseti imepata sifa mbaya kiasi kwamba imezifunika nyingine. Katika mkutano uleule wa Lyon wa mwaka 2015, sumu mbili za wadudu, malathioni na diazinoni, ziliwekwa kundi 2A kando yake, na mwaka huohuo lindeni, nayo sumu ya wadudu, ikapandishwa hadi kundi la kwanza. Sijawahi kusikia mtu akiuliza habari za malathioni dukani. Ilhali kibarua wa Arumeru anayepiga dawa ya magugu mwezi Machi ndiye anayepiga ya wadudu kwenye nyanya mwezi Mei, na ya ukungu karibu kila wiki mvua zikizidi. Utafiti wa wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba dawa za magugu zilikuwa asilimia 10 tu ya viuatilifu walivyotumia. Za wadudu zilikuwa asilimia 59 na za ukungu asilimia 29. Karibu theluthi moja ya wakulima walichanganya dawa pamoja katika pampu bila maelekezo ya lebo wala ya bwana shamba, na asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia vibaya baada ya kupulizia. Tangu wakati huo gharama ya vibarua wa jembe imepanda na dawa za magugu zimeenea zaidi, lakini mtu anayeiogopa chupa moja huku akikumbatia nyingine nne hajapunguza chochote.

Saratani ikija, inakuja na sura ya kitu kingine

Limfoma huanza mara nyingi kwa uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kinenani. Hufuatwa na homa zinazokwenda na kurudi, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda. Mtu yeyote wa hapa akisikia orodha hiyo atataja kifua kikuu, na kwa kuwa kifua kikuu ni kingi kuliko limfoma, mara nyingi atakuwa sahihi. Tatizo ni pale mgonjwa anapoanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia, anazimeza kwa miezi, tezi zinazidi kukua, na anafika hospitali ya rufaa kama KCMC akiwa amechelewa. Tezi ambayo haipungui kwa matibabu inahitaji kukatwa kipande na kupelekwa maabara. Hakuna kipimo cha mkojo au damu kitakachosema kwamba ugonjwa huo ulitokana na dawa ya magugu: glaifoseti hutoka mwilini ndani ya siku chache, kwa hiyo mkojo wa leo unaeleza kazi ya wiki hii, si ya mwaka 2009.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na kuwapima wafanyakazi afya wanapoanza kazi na mara kwa mara baada ya hapo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyozaa Mfuko wa WCF, inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Kibarua aliyelipwa kwa siku, mkononi, bila mkataba, katika mashamba matatu tofauti kwa mwaka, anazifikia sheria hizo kwa shida kubwa, kwa sababu zote mbili huanza kwa kuuliza ulifanya kazi kwa nani na ulikutana na nini. Faili la hospitali nalo halimsaidii. Kwenye nafasi ya kazi huandikwa “mkulima”, neno linalomchukua bibi mwenye nusu eka ya migomba Machame na kijana anayebeba pampu siku tano kwa wiki.

Chupa nyingine hazina hata lebo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na ambayo makao yake yapo Ngaramtoni, husajili kila kiuatilifu kabla hakijauzwa, na namba ya usajili inatakiwa ionekane kwenye kifungashio. Lakini kibarua mara nyingi haioni chupa ya asili; anapewa kiasi cha siku kilichomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Miaka kumi na tano baadaye, daktari akimwuliza alikuwa anapiga dawa gani, anajibu, “Ile nyeupe kama maziwa,” au, “Ile ya kopo la kijani.”

Wiki mbili baada ya siku ile ya Tengeru nilimkuta kijana yule aliyeuliza habari za kansa katika duka lilelile, safari hii amekuja kufuata nozeli. Nilimweleza kwa kifupi haya niliyoyaandika hapa kwa kirefu, naye akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Shida, mzee, mimi sina namna ya kukataa. Nikiikataa pampu leo, kesho anaibeba mwingine.” Sikuwa na jibu la hilo. Nilimshauri anunue daftari dogo la mia tano, na kila anapopiga dawa aandike tarehe, shamba, saa alizofanya, na lile jina la maandishi madogo lililo chini ya jina la biashara. Mwenye duka, ambaye alikuwa anatusikiliza muda wote, alishusha chupa mbili kutoka rafuni, akavaa miwani, akaanza kumsomea herufi moja moja.